Fainali ya Qatar 2022: Argentina waliiharibu wenyewe dakika ya 64, matuta yalikuja baadaye tu

#1 KiungoMkabaji
Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikitajwa fainali ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Ufaransa, tarehe 18 Desemba 2022 pale Lusail, mjadala unakimbilia kwenye matuta, yaani zile penalti za kuamua mshindi: kipa Martínez wa Argentina kadaka, Tchouaméni wa Ufaransa katoa nje, basi. Mimi nasema mechi ile ilishakufa, na aliyeifufua ni kocha wa Argentina, Scaloni mwenyewe, dakika ya 64 alipomtoa winga Di María akamwingiza Acuña.

Twende taratibu. Di María amezoea kulia. Siku ile alipangwa kushoto, agande kwenye mstari. Aliyepewa kazi ya kumkaba ni Koundé wa Ufaransa, beki wa kati aliyechezeshwa namba mbili (beki wa kulia), na mbele yake Dembélé, winga asiyependa kurudi. Dembélé anamwangusha Di María ndani ya boksi, dakika ya 23 Messi anafunga penalti. Dakika ya 36 mpira unatoka kwa Molina, Mac Allister, Messi, Álvarez, tena Mac Allister, unamkuta Di María peke yake kushoto. 2-0.

Saa nzima ikapita Ufaransa hawajapiga shuti. Koundé hawezi kupanda kwa sababu akipanda anaacha uwanja mtupu nyuma yake, na yeyote aliye kulia mbele yake lazima ashuke kumsaidia. Akatoka Di María. Acuña kwa asili ni beki wa kushoto, akakaa chini, timu nzima ikashuka naye. Dakika 16 baadaye ni 2-1, na moja zaidi ni 2-2.

Anayepinga aje na dakika, asije na ushabiki.

#2 Mbagala Kuu
Uzi wa maana huu. Nafuatilia.

#3 Winga Teleza
Mkuu KiungoMkabaji, dakika ninazo. Ya 41 na ya 71.

Dakika ya 41, kabla hata ya mapumziko, kocha wa Ufaransa Deschamps aliwatoa Giroud na Dembélé, akaingiza Thuram na Kolo Muani. Ni makocha wachache wenye moyo wa kutoa washambuliaji wawili kwenye fainali ya dunia kipindi cha kwanza hakijaisha. Dakika ya 71 akamtoa Griezmann akaingia Coman, akamtoa Theo Hernández akaingia Camavinga, ambaye ni kiungo, akacheza beki wa kushoto. Sasa tazama Ufaransa wamebaki na nini mbele: Coman kulia, Thuram kushoto, Kolo Muani na Mbappé katikati. Wanne wote wana mbio. Kati hapo wakaachwa Rabiot na Tchouaméni tu.

Penalti ya kwanza ni Kolo Muani kumwacha Otamendi kwa mbio, mzee akamvuta. Bao la pili ni Coman kumpokonya Messi, Rabiot anainua mpira mbele, Mbappé kwa Thuram, Thuram anamrudishia hewani, Mbappé anapiga kabla haujagusa nyasi. Hesabu majina: Kolo Muani, Coman, Thuram. Wote wametoka benchi. Di María angekuwepo angemzuiaje Kolo Muani asimwache Otamendi?

#4 KiungoMkabaji
Angemzuia kwa kutomruhusu Koundé na wenzake kupata muda wa kuinua mpira ule. Mbio za Kolo Muani zilikuwepo tangu dakika ya 41. Kwa nini kutoka 41 hadi 64 hazikuzaa shuti hata moja?

#5 Takwimu Tupu
Nyote wawili mnaitazama mechi moja. Tazameni mashindano yote.

Argentina na Australia, hatua ya 16 bora: wanaongoza 2-0, wanaruhusu moja, na sekunde za mwisho Martínez anaokoa mpira wa Kuol uso kwa uso. Argentina na Uholanzi, robo fainali: wanaongoza 2-0, Weghorst anafunga dakika ya 83 na ya 90+11, wanakwenda matuta. Fainali: wanaongoza 2-0, inakuwa 2-2.

Tatu kati ya mechi nne za mtoano, ugonjwa uleule. Isiyokuwa nao ni ile ya Croatia, 3-0. Na Di María? Na Australia hakucheza, alikuwa majeruhi. Na Uholanzi aliingia dakika ya 112, mabao yote mawili ya Weghorst yakiwa tayari wavuni. Kwa hiyo timu ilikuwa inaporomoka bila yeye kuhusika kwa lolote. Tatizo ni namna Scaloni alivyokuwa anailinda 2-0, yaani mstari wa nyuma kushuka na Messi na mwenzake mmoja kuachwa mbele bila mtu wa kuwapelekea mpira.

#6 Winga Teleza
Mkuu hapo umenena. Dhidi ya Uholanzi si ndiyo alianza na mabeki watatu wa kati?

#7 Takwimu Tupu
Ndiyo, Lisandro Martínez alianza pamoja na Romero na Otamendi. Dhidi ya Australia Lisandro aliingia mapema kipindi cha pili, wakawa watatu. Lakini kwenye fainali hakuingia kabisa. Beki wa kati aliyeongezwa ni Pezzella, dakika ya 116, na dakika mbili baadaye ikafungwa penalti ya 3-3. Kwa hiyo huwezi kusema ni mfumo wa mabeki watatu. Walishuka hata wakiwa wanne.

#8 Daktari wa Misuli
Habari zenu. Naona mnazungumzia vibao vya mabadiliko bila kuzungumzia miili.

Di María alikuwa na miaka 34 na alikuwa ametoka kwenye maumivu. Kama alivyosema Takwimu Tupu, na Australia hakucheza, na Uholanzi alipata dakika chache za mwisho, na Croatia alikaa benchi dakika zote. Mtu wa namna hiyo ukimwanzisha fainali, tena kazi yenyewe ni kukimbia kwenda na kurudi pembeni, unajua kabisa humalizi naye. Dalili za kumtoa zinaonekana mapema: anaanza kuchelewa kurudi baada ya mbio ndefu, anashika magoti mpira ukitoka, pasi zake zinakuwa fupi. Kocha anayesubiri mpaka misuli ikamate anapoteza badiliko na mchezaji kwa pamoja. Dakika ya 64 ilikuwa ndani ya mpango. Swali la haki ni nani aingie, si kwa nini atoke.

Upande wa pili, Ufaransa waliingia na mafua kambini. Rabiot na Upamecano walikosa nusu fainali na Morocco kwa sababu hiyo. Na walicheza nusu fainali tarehe 14, Argentina tarehe 13. Siku moja ya kupumzika zaidi ni kitu kikubwa unapocheza mechi kila baada ya siku nne au tano. Hiyo inaeleza saa ya kwanza ya Ufaransa vizuri kuliko Di María. Walikuwa wazito. Walipoingia wanne wenye damu mpya, mechi ikabadilika.

#9 Mnyama Mkubwa
Argentina walikuwa na bahati tu. Mbappé kafunga mawili dakika ya 79, na kwenye matuta Argentina walianza kupiga, anayeanza ana faida. Mwisho wa habari.

#10 Takwimu Tupu
@Mnyama Mkubwa, faulo ya Otamendi ndiyo ya dakika ya 79. Mabao ni ya 80 na 81, sekunde 97 kati ya moja na jingine. Na walioanza kupiga ni Ufaransa. Mpangilio huu hapa:

Mbappé kafunga, Messi kafunga.
Coman kadakwa, Dybala kafunga.
Tchouaméni katoa nje, Paredes kafunga.
Kolo Muani kafunga, Montiel kafunga. 4-2.

Yaani aliyeanza ndiye aliyepoteza.

#11 Jangwani Moja
Mnyama kaka, ndiyo maana mwaka 2023 Wydad waliwatoa nyie Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa matuta. Hamjui hata nani kaanza.

#12 Mnyama Mkubwa
Na nyie Yanga, Sundowns waliwatoaje mwaka uliofuata? Robo fainali hiyohiyo, matuta hayohayo, 3-2. Kaa kwa kutulia.

#13 Filimbi
Vijana, Kariakoo ina uzi wake. Turudi.

Hii ya nani aanze ina utaratibu. Refa anarusha sarafu mara mbili. Ya kwanza ni ya goli lipi litumike, isipokuwa kama upande mmoja una tatizo la usalama au uwanja umeharibika, hapo refa anaamua mwenyewe. Ya pili, nahodha aliyeshinda anachagua kuanza au kufuata. Zamani hakukuwa na kuchagua, aliyeshinda sarafu alilazimika kuanza. Ilibadilishwa mwaka 2003. Wakajaribu pia mtindo wa A-B-B-A kuanzia 2017, kwamba A apige, B apige mara mbili, kisha A. Ukaachwa mwaka 2018 kwa sababu uliwachanganya watu.

Wanaopiga ni wale tu waliokuwa uwanjani filimbi ya mwisho ilipolia, au waliotoka kwa muda kwa matibabu. Kama timu moja imebaki na watu wachache, nyingine inapunguza idadi ilingane. Kipa akiumia anaweza kubadilishwa. Mwingine yeyote hapana. Ndiyo maana unaona makocha wanaingiza wapigaji dakika ya 120, kwa kuwa baada ya filimbi mlango umefungwa.

#14 Takwimu Tupu
Asante Filimbi. Juu ya faida ya kuanza, kuna utafiti wa wachumi Apesteguia na Palacios-Huerta wa mwaka 2010 uliokuta anayeanza anashinda kama mara 60 kwa 100. Hoja yao ni kwamba anayefuata kila mara yuko nyuma kwa bao moja, na presha hiyo inamla. Miaka miwili baadaye Kocher na wenzake wakachukua mechi nyingi zaidi, wakapata kama 53 kwa 100, tofauti ambayo inaweza kuwa bahati tupu.

Ukichukua fainali tunazozikumbuka: Kombe la Dunia 1994 Italia walianza, wakapoteza kwa Brazil. 2006 Italia walianza, wakashinda. AFCON 2012 Ivory Coast walianza, Zambia wakabeba. AFCON 2015 Ghana walianza, Ivory Coast wakabeba 9-8. Euro ya 2020 Italia walianza, wakashinda. AFCON ya 2021 Senegal walianza, wakashinda. 2022 Ufaransa walianza, wakapoteza. Saba hizo, aliyeanza kashinda tatu.

#15 Winga Teleza
Ongeza Copa América (kombe la mataifa ya Amerika Kusini) mbili, 2015 na 2016. Zote Chile walianza, zote Chile walibeba, zote dhidi ya Argentina. Sasa ni tano kwa nne, hesabu imegeuka.

#16 Filimbi
Ndiyo hatari ya kuhukumu kwa fainali tisa.

#17 Mama Golikipa
Hamjambo. Mnapiga hesabu za wapigaji mnamsahau anayedaka.

Mpira unawekwa mita 11 kutoka mstarini. Ukipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unafika kwa sekunde 0.4 hivi. Kipa anayesubiri aone mpira unakwenda wapi ndipo aruke, hafiki kwenye kona ya goli lenye upana wa mita 7.32. Kwa hiyo lazima aanze kusogea kabla au palepale mguu unapogusa mpira, akiwa na sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari au nyuma yake. Anachosoma ni mguu wa kuegemea: ncha yake inatazama wapi, na nyonga imefunguka kiasi gani. Mpigaji wa mguu wa kulia akifungua nyonga, mara nyingi anapeleka kulia kwake. Akiifunga, anauvuta kushoto kwake. Anayepunguza mwendo karibu na mpira anakungoja wewe uanze, huyo dawa yake ni kuchelewa kuruka hata kama moyo unakusukuma.

Sasa Emiliano Martínez aliongeza kitu kingine. Alipunguza utulivu wa mpigaji. Kabla ya tuta la Tchouaméni aliutupa mpira pembeni, kijana akaenda kuufuata mwenyewe. Sekunde zile ni nyingi sana kwa mtu anayejua mwenzake kashakosa. Wanaofundisha matuta husisitiza mpigaji achague upande akiwa bado katikati ya uwanja, aende, aweke mpira, apumue, apige. Ukimvunjia mpangilio huo anaanza kufikiri upya, na mpigaji anayebadilisha wazo akiwa mbioni ndiye anayekosa.

Mwaka 2023 sheria iliongezwa kwamba kipa asimsumbue mpigaji isivyo haki, kama kuchelewesha pigo au kugusa miamba na nyavu. Kwa hiyo kipa anayejiandaa kuiga yale ya Lusail ajue leo anaonywa.

#18 Mbagala Kuu
Asante kwa elimu mama. Na hii ya kukaa katikati, mbona makipa hawakai? Dybala aliupeleka katikati.

#19 Mama Golikipa
Watafiti wa Israeli walihesabu penalti 286, makipa waliruka zaidi ya mara tisa kati ya kumi, ingawa kubaki katikati kungewapa nafasi nzuri zaidi ya kudaka. Kipa aliyeruka na kufungwa anaonekana kajitahidi. Aliyesimama akafungwa anatukanwa. Dybala alipiga katikati kwa sababu anajua hilo.

#20 Daktari wa Misuli
Dybala aliingia muda wa ziada ukiwa umekwisha kabisa, akafunga. Rashford na Sancho wa England waliingia dakika ya 120 ya fainali ya Euro pale Wembley, wote wakakosa. Tofauti si miujiza. Mtu aliyekaa benchi saa mbili na zaidi misuli ya paja la nyuma imepoa, na hajagusa mpira wa mechi. Anayetaka kumwingiza mpigaji amwingize angalau dakika ya 115, aguse mpira mara tatu nne, akimbie mara mbili kwa nguvu. Kama haiwezekani, basi apashe moto kwa mbio fupi kamili, si kujinyoosha pembeni.

#21 Winga Teleza
Daktari, Dybala hakuwa na muda huo uliousema na bado kafunga. Paredes na Montiel waliingia mapema zaidi na nao wamefunga. Bado sijashawishika.

#22 Daktari wa Misuli
Argentina walikuwa tayari mbele kwa Coman kukosa. Kupiga ukiwa mbele na kupiga ukiwa nyuma si mzigo mmoja. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alionyesha kwamba tuta la kushinda hufungwa zaidi ya mara tisa kati ya kumi, na lile ambalo ukikosa mmetoka hufungwa mara sita hivi. Ndiyo maana Mané wa Senegal alikosa penalti ya dakika ya 7 dhidi ya Misri fainali ya AFCON pale Yaoundé, akarudi kufunga tuta la mwisho kwa kipa yuleyule Gabaski.

#23 Jangwani Moja
Na Salah wa Misri alipangwa wa tano, hakupiga kabisa. Makocha wanaoweka mpigaji bora mwisho wanacheza kamari. Messi na Mbappé wote walipiga wa kwanza.

Sisi Yanga 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, hatukufika hata kwenye matuta. 1-2 Dar, 1-0 kule Algiers, jumla 2-2, tukakosa kombe kwa bao la ugenini. Sheria ile inaumiza mpaka leo.

#24 Mnyama Mkubwa
Hapo nakupa pole kwa dhati, kaka.

#25 Fundi Dishi
Wadau, kwa mnaojipanga kuonyesha fainali zijazo vibandani, nichomekee hili. Zile sekunde 97 zilileta vurugu mitaa mingi: wanaotazama kwa simu wanasikia jirani anashangilia bao wakati wao bado wanatazama Mbappé anaweka mpira.

Sababu: matangazo ya intaneti yanakatwa vipande vya sekunde kadhaa, na programu inahifadhi vipande viwili vitatu kabla ya kuonyesha. Hapo umeshachelewa sekunde 20 au zaidi. Dishi linapanda mpaka setilaiti, kilomita 36,000 hivi, lakini safari ya kwenda na kurudi ni kama robo sekunde tu, uchelewaji mwingine ni wa mitambo. Kwa hiyo kibanda kitumie kisimbuzi, simu iwe akiba.

Umeme: projekta wati 300, kisimbuzi 20, spika 150. Jumla haifiki 500, jenereta ya kilowati moja inatosha na kubaki. Kosa la wengi ni kutoweka yupiesi ndogo (betri ya akiba) kwenye kisimbuzi. Umeme ukikatika, jenereta inawaka ndani ya dakika moja lakini kisimbuzi kinachukua dakika nyingine mbili tatu kuamka na kusaka chaneli, na hapo ndipo goli linafungwa. Waya wa HDMI usizidi mita 10, ukizidi picha inakatika-katika. Mvua kubwa inaua mawimbi ya dishi la sentimita 60. La 90 linavumilia zaidi. Funga mapema, lipia kifurushi siku moja kabla, maana saa ya fainali malipo yanakwama.

#26 Mbagala Kuu
Fundi, dishi la 90 kwenye paa la makuti linakaa?

#27 Fundi Dishi
Usilifunge kwenye paa. Simika bomba la chuma chini, zege kama nusu mita kwenda chini, hakikisha halitikisiki. Dishi kubwa linakamata upepo zaidi, likisogea kidogo tu umepoteza mawimbi.

#28 Filimbi
Kuna jambo moja halijatajwa. Bao la tatu la Argentina, dakika ya 108, mshambuliaji Lautaro kapiga, kipa Lloris katema, Messi kamalizia, Koundé kautoa ukiwa umeshavuka mstari. Wafaransa walilalamika kwamba wachezaji wa akiba wa Argentina walikuwa wameingia uwanjani kabla mpira haujavuka. Refa Marciniak akajibu kwa kuonyesha picha ya simu: Ufaransa nao walikuwa saba ndani wakati Mbappé anafunga. Kwa maandishi ya sheria ya wakati ule lalamiko lilikuwa na msingi. Baadaye maandishi yakarekebishwa ili kinachoangaliwa kiwe kama mtu huyo aliingilia mchezo.

#29 Winga Teleza
Na dakika ya 123 Kolo Muani yuko peke yake, Martínez anaokoa kwa mguu wa kushoto, mpira unakwenda upande wa pili Lautaro anapiga kichwa nje. Mechi ingeweza kuisha mara mbili ndani ya nusu dakika. Kwa hiyo dakika ya 64 ni moja kati ya nyingi.

#30 Daktari wa Misuli
KiungoMkabaji, bado hujajibu. Kama Di María asingeweza kuendelea, wewe ungeingiza nani?

#31 KiungoMkabaji
Lautaro. Álvarez namhamishia kushoto, ana pafu la kukimbia na Koundé mpaka mwisho, Lautaro anakaa kati kuwazuia Varane na Upamecano wasipande. Acuña namweka akiba ya Tagliafico, beki wa kushoto.

#32 Takwimu Tupu
Lautaro hakuwa amefunga bao hata moja mashindano yale, ukiondoa tuta la Uholanzi. Na Álvarez kutoka kati maana yake Messi anabaki bila mtu wa kumkabia.

#33 KiungoMkabaji
Sikumtaka afunge, nilimtaka awakalishe mabeki. Tazama tena dakika ya 103 alipoingia: mpaka mwisho Argentina walipata nafasi tatu za wazi, na bao la 108 limetoka kwenye shuti lake.

#34 Winga Teleza
Dakika ya 103 Varane alikuwa amechoka. Dakika ya 64 hakuwa.